Tuwakumbuke Waliozikuza Mbio Ndefu



Ndugu zangu wa Uroa, mlioko kijijini, mjini, Dar es Salaam, Tanga, Muscat na kwengineko,

Mwaka huu Kamati ya Jumuiya imeniomba niandike ukurasa wa historia katika kijitabu chetu cha harambee. Nilidhani nitaombwa hesabu, maana mimi ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa kazi yangu katika kijitabu hiki imekuwa ni kuhakikisha jumla ya ukurasa wa mwisho inalingana na risiti. Nilipoambiwa nichague mada mwenyewe, sikufikiri sana. Mmoja wa miradi mitatu tunayoiombea michango safari hii ni timu ya mbio ya watoto wetu wa skuli. Baadhi yenu mmeuliza, na mna haki ya kuuliza: kwa nini mbio, na mambo ya maana bado mengi? Makala hii ni jibu langu. Ndani yake mna historia ya nchi, na mwishoni mna deni langu mwenyewe.

KUTOKA DARAJANI HADI UROA

Anayetaka kujua marathoni ni nini, asiende mbali. Apande gari Darajani, apite Dunga na Jendele mpaka Chwaka, kisha aifuate njia ya pwani kupitia Marumbi mpaka kwetu. Hapo atakuwa amekwenda kiasi cha kilomita 40. Aongeze kidogo kuelekea Pongwe, na hiyo ndiyo marathoni: kilomita 42 na mita 195. Masafa hayo yalipimwa hivyo kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, mbio zilipoanzia kwenye kasri ya Windsor na kumalizikia uwanjani, na mwaka 1921 yakafanywa ndiyo masafa rasmi duniani kote. Gari zetu, pamoja na kusimama kushusha magunia na kusubiri abiria, huyamaliza kwa saa moja na ushei. Mkimbiaji bora huyamaliza kwa miguu yake kwa saa mbili na dakika chache.

Kustahimili masafa si jambo geni kwetu. Wachuuzi wa samaki wa pwani hii walikuwa wakiendesha baiskeli mpaka sokoni mjini, tenga limefungwa nyuma, wakishindana na jua ili samaki asiharibike. Mama zetu hutembea mwendo mrefu juu ya miamba na mchanga wakati wa maji makavu kutafuta pweza, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza kushika kasi pwani ya mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, wamekuwa wakirudi na magunia ya maji kichwani. Na wapo mabaharia wa ngalawa. Katika resi ya ngalawa, upepo ukigeuka chombo kinapaswa kubisha tena na tena, kamba inakata viganja, na anayechoka mapema ndiye anayeachwa nyuma. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, lililoanza mwaka 1998, limewahi kuzipeleka resi za vyombo vya tanga mbele ya watazamaji wa mjini na wageni, lakini sisi tulikuwa nazo kabla ya tamasha lolote.

Katika resi hizo kuna jambo nililoliona tangu utotoni. Ngalawa ikishinda, jina la nahodha hutajwa kijiji kizima. Fundi aliyeuchonga mti ule, akaupima kwa jicho na kuzifunga ndubi zikakaa sawa, hatajwi. Aliyelishona tanga hatajwi. Mbio za miguu nazo ziko hivyo hivyo.

MEXICO, 1968

Nchi yetu ilikwenda kwenye Olimpiki ya mwaka 1964 mjini Tokyo kwa jina la Tanganyika, ingawa Muungano ulikwisha kufanyika Aprili ya mwaka huo. Mara ya kwanza jina la Tanzania kuonekana katika Olimpiki ilikuwa Mexico City, mwaka 1968. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Rome mwaka 1960 bila viatu na ile ya Tokyo mwaka 1964, aliacha mbio njiani.

Siku hiyo, tarehe 20 Oktoba, alikuwapo kijana wa Mbulu, John Stephen Akhwari. Kabla ya nusu ya safari, wakimbiaji walipokuwa wakisukumana kutafuta nafasi, alianguka vibaya. Goti liliteguka na bega likagonga barabara. Alifungwa bendeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75 na waliomaliza ni 57. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alikuwa wa 57. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27.

Tofauti yao ni zaidi ya saa nzima. Medali zilikwisha kutolewa, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo akaonekana mtu anaingia uwanjani akichechemea, bendeji inaning'inia mguuni. Waliobaki wakasimama kumshangilia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio tu, bali ili azimalize.

Kwa hesabu za kawaida, Akhwari hakuleta kitu nyumbani. Hakuleta dhahabu, wala fedha, wala shaba. Lakini nitajieni Mtanzania wa siku zile ambaye jina lake linajulikana duniani kwa mbio zaidi yake. Kila mtoto wa skuli aliyesimuliwa habari ile alijifunza kwamba kumaliza nako kuna heshima. Nchi ilimtunuku nishani mwaka 1983, miaka 15 baadaye. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney, na mwaka 2008 alikuwa balozi wa heshima wa Olimpiki ya Beijing na akaukimbiza mwenge ulipopita Dar es Salaam. Heshima ilimfikia, lakini ilichelewa. Yeye alijaaliwa umri wa kuisubiri, na wengine hawakupata bahati hiyo.

BAYI NA WENZAKE

Miaka sita baada ya Mexico, tarehe 2 Februari 1974, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alishika uongozi wa mbio za mita 1,500 tangu mwanzo na hakumwachia mtu mpaka mwisho. Siku zile wakimbiaji wakubwa walikuwa wakijificha nyuma na kuchomoka mzunguko wa mwisho. Bayi aliwataka wote wamfukuze, nao hawakumpata. Muda wake, dakika 3 na sekunde 32.2, ulikuwa rekodi mpya ya dunia. John Walker, mwenyeji wa mashindano, alikuwa wa pili, naye pia aliivunja rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaica, Bayi alivunja na rekodi ya maili moja. Muda wake wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya michezo ile mpaka mwaka 2022, yaani miaka 48.

Dunia nzima ilikuwa ikisubiri Bayi na Walker wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker akashinda dhahabu ile. Tunaposema michezo ilijenga heshima ya nchi hii, tukumbuke kwamba wapo waliojenga heshima hiyo kwa kutokukimbia, wakiwa katika umri wao bora.

Ilipofika Moscow mwaka 1980, Bayi alipata fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka vizuizi na maji, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 kumalizika, hizo ndizo medali mbili pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imepata. Na zote mbili ni za mbio, si za mpira, ambao ndio unaokula muda wetu mwingi na pesa zetu nyingi.

Ninachotaka mkitazame zaidi ni walichofanya baada ya kuvua viatu. Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988, kisha akawa mwalimu wa wakimbiaji na mtendaji wa chama cha riadha cha taifa. Bayi na mkewe walianzisha skuli, kuanzia watoto wadogo Kimara mpaka sekondari Kibaha, ambako masomo na michezo hukaa pamoja. Kwa miaka mingi alikuwa pia Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Rekodi zake za dunia zilivunjwa zamani na wengine. Skuli bado zina wanafunzi.

SEKUNDE MOJA YA BOSTON

Mimi nilizaliwa baada ya Moscow. Shujaa wa utoto wangu alikuwa Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi, mtu mfupi mwenye mwendo wa haraka. Mwaka 1982 mjini Brisbane alikuwa wa pili katika marathoni ya Jumuiya ya Madola, nyuma ya Robert de Castella wa Australia, kwa sekunde 12. Katika michezo hiyo hiyo Gidamis Shahanga, aliyekuwa ameshinda marathoni ya Edmonton mwaka 1978, alishinda mita 10,000.

Kisha ikaja Boston. Mwaka 1988 Ikangaa alikuwa wa pili. Mwaka 1989 akawa wa pili. Mwaka 1990 akawa wa pili tena. Ile ya 1988 ndiyo iliyouma zaidi: Ibrahim Hussein wa Kenya alitumia saa 2, dakika 8 na sekunde 43, na Ikangaa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Wamekimbia kilomita 42 na wakaachana kwa sekunde moja. Lakini Novemba 1989 Ikangaa alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya njia ile iliyodumu mpaka mwaka 2001. Inajulikana kauli yake kwamba hamu ya kushinda haina maana kama mtu hana hamu ya kujiandaa.

Ikangaa naye hakuishia kwenye vikombe. Mwaka 2017, akishirikiana na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA, alikuwa mbele katika kuanzisha mashindano ya riadha ya wanawake watupu yaliyofanyika Dar es Salaam, ili wasichana wa mikoani wapate pahala pao pa kukimbia. Mtu aliyekosa Boston kwa sekunde moja alirudi kuwafungulia njia watu ambao hawakuwahi hata kupewa nafasi ya kusimama kwenye mstari.

MWALIMU WA JIOGRAFIA

Kabla sijafika kwetu, niwapitishe Kenya kidogo. Mwaka 1976 padri mmoja, si padri wa kuongoza ibada bali bruda wa skuli, Colm O'Connell, alifika kutoka Ireland kufundisha jiografia katika skuli ya wavulana ya St. Patrick's, Iten. Hakuwa mkimbiaji wala hakusomea ukocha. Alipewa timu ya riadha kwa kuwa alikuwapo na alikuwa tayari, akajifunza kwa kuwatazama watoto. Mwanafunzi wake Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Miaka mingi baadaye David Rudisha, aliyekuwa chini ya mwalimu huyo huyo, alishinda mita 800 London mwaka 2012 kwa rekodi ya dunia. Mwalimu yule alikuja kwa muda mfupi, akakaa maisha.

Kenya hiyo hiyo ina Kipchoge Keino, bingwa wa Mexico 1968 na Munich 1972, ambaye pamoja na mkewe walilea mayatima kwa makumi nyumbani kwao Eldoret na kujenga skuli. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio ilipofunguliwa, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianzisha tuzo maalumu kwa mtu aliyeitumia michezo kuinua elimu na amani. Wa kwanza kupewa alikuwa Keino. Sikumbuki kwamba siku ile mtangazaji alisema sana juu ya medali zake. Walimwita kwa ajili ya watoto.

Basi tukiuliza kwa nini jirani zetu wana mabingwa wengi, tusikimbilie kusema ni milima na hewa. Milima tunayo, iko Mbulu na Arusha na Singida kuna nyanda za juu, na mabingwa wetu wengi wametoka huko. Tulichopungukiwa ni watu wa kukaa na watoto mwaka baada ya mwaka, na jamii ya kuwashika mkono watu hao.

MAALIM WETU

Sasa nije nyumbani.

Wa umri wangu mtamjua ninayemsema bila ya kumtaja. Familia yake imeniruhusu nisimulie, ila wameomba jina lisiandikwe, maana yeye mwenyewe hakupenda kuandikwa. Nitamwita Maalim.

Hakuwa mwalimu wa michezo. Alisomesha hesabu na Kiswahili. Lakini maji yakikauka na mchanga ukawa mgumu, alitutoa darasani jioni, akatupanga mstari mbele ya mashua zilizokaa upande, na kutuambia tukimbie kuelekea Marumbi mpaka atakapopiga filimbi, kisha turudi. Saa ya mkononi ndiyo iliyokuwa kipimo chake. Jambo lililotushangaza ni kwamba hakusimama mwisho wa mbio kuwapokea washindi. Alikuwa akija nyuma kabisa, anatembea na kukimbia kidogo, viatu mkononi, pamoja na mtoto wa mwisho. Kwa kuwa mara nyingi mimi nilikuwa karibu na wa mwisho, nilizungumza naye kuliko mabingwa wote wa darasa letu. Hapo ndipo nilipomjua Akhwari.

Siku moja aliandika ubaoni nambari mbili: 2:08:43 na 2:08:44. Akauliza tofauti yake ni ngapi. Tukajibu moja. "Moja nini?" Sekunde moja, Maalim. Akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi mara moja na tuitoe. "Basi hiyo ndiyo tofauti baina ya Mkenya na Juma Ikangaa kule Boston. Nani hapa ataniambia sekunde ni kitu kidogo?" Sikumbuki somo jengine lolote la kutoa katika maisha yangu, na nimefanya kazi ya kujumlisha na kutoa kwa zaidi ya miaka 20.

Kulipokuwa na mashindano ya skuli, yakiwemo yale ya sherehe za elimu bila malipo, alichagua watoto watano au sita akawapeleka. Hatukujiuliza nauli ilitoka wapi. Mtoto hajiulizi.

Baadaye nikaenda kusoma, nikapata shahada, nikaajiriwa mjini. Mwaka wangu wa pili kazini Maalim alinijia ofisini. Alikuwa amestaafu lakini bado anakimbiza watoto. Alinipa karatasi yenye majina manane na ukubwa wa miguu yao. Hakuomba pesa, aliomba viatu. Nikamwambia, "Inshaallah, Maalim, mwisho wa mwezi." Akanijibu, "Haidhuru, mwanangu. Wao watasubiri."

Mwisho wa mwezi ulifika, na mwengine, na mwengine. Nilikuwa na kodi ya nyumba, kisha harusi, kisha mtoto. Karatasi ile niliiweka kwenye mtoto wa meza. Nilikutana na Maalim mara nyingi, kwenye harusi, kwenye hitima, kwenye mkutano wa Jumuiya hii hii. Aliniuliza hali ya wazee na watoto. Habari ya viatu hakuitaja hata siku moja.

Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nilikwenda matangani. Baada ya siku kadhaa mkewe aliniita. Alikuwa na madaftari matatu ya skuli, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya gamba. "Mwanangu, wewe si ndiye mwenye hesabu? Nitizamie haya, nijue kama marehemu ameacha deni la mtu."

Mbele ya kila daftari mna majina ya watoto, tarehe, na muda waliokimbia. Hakuacha mtu. Mtoto wa mwisho ameandikwa kwa mwandiko ule ule wa mtoto wa kwanza. Langu nimelikuta: wa 11 kati ya 14. Nyuma ya daftari mna matumizi. Nauli ya kwenda na kurudi. Glukosi. Mikate na chai. Dawa ya kidonda. Ndara za mtoto fulani ambaye leo ni baba wa watu. Upande wa matumizi umejaa, upande wa mapato hauna kitu. Hapana mfadhili, hapana mchango, hapana hata ruzuku ya shilingi moja. Yote yalitoka kwenye mshahara wa mwalimu.

Nilijumlisha, kwa mazoea ya kazi. Jumla sitaitaja, kwani mkewe hakutaka itajwe. Nilimwambia, "Bi Maalim, marehemu hakuacha deni. Sisi ndio tunaodaiwa."

Niliporudi ofisini nilifungua mtoto wa meza. Karatasi ya viatu ilikuwa bado imo. Watoto wale wanane sasa ni watu wazima.

WALIOKO NJIANI SASA

Ili msidhani mbio za nchi hii ni hadithi za zamani, tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida, askari kama Bayi na Ikangaa kabla yake, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huo huo, ikabidi picha iamue: tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Maalim angelitupa somo gani ubaoni! Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu hakuzuka tu. Alikuwa wa tano Rio mwaka 2016, wa tatu London mwaka 2017, wa saba katika Olimpiki ya Tokyo, wa pili Boston Aprili 2025. Miaka tisa ya kukaribia.

Na wanawake wapo. Zakia Mrisho alikimbia fainali ya mita 5,000 ya Mashindano ya Dunia mjini Helsinki mwaka 2005. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Wazazi wenye mabinti, yawekeni majina haya pahala.

Uroa haijatoa bingwa wa dunia, na sikuja kuwaahidi kwamba itamtoa. Nimekuja kusema kwamba kila jina nililolitaja hapa lilikuwa na Maalim wake, aliyemtoa darasani jioni moja na kumpa nauli. Wengi wa watu hao hawakuandikwa popote isipokuwa nyuma ya daftari kama lile.

TUNACHOOMBA

Kamati imekubali mambo manne, na bajeti yake kamili iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki.

Kwanza, viatu vya mbio kwa timu ya wavulana na ya wasichana, pamoja na mavazi ya stara kwa wasichana, ili pasiwe na mzazi wa kumzuia binti yake kwa sababu ya nguo.

Pili, nauli na chakula cha watoto wanapokwenda kwenye mashindano. Mwalimu asitoe tena mfukoni mwake.

Tatu, posho ndogo ya kila mwezi kwa walimu wawili wanaojitolea jioni. Wapo, mnawajua, na kila maji yakikauka mtawaona pwani.

Nne, ukurasa mmoja katika kijitabu hiki, kila mwaka, wa majina ya watu waliowasaidia watoto wa Uroa katika michezo na masomo: mwalimu, fundi wa ngalawa, mama aliyepika uji wa timu, dereva aliyewapakia bila ya nauli. Tuandikieni majina yao, na ikiwa wako hai ni bora zaidi. Tumuombe idhini kila mmoja, na asiyetaka jina litajwe tumtaje kwa kazi yake, kama nilivyofanya leo. Tusingoje miaka 15.

Mchango wa shilingi 10,000 kwa mwezi kutoka kwa kila mwanachama aliyeko mjini na nje utatosha kuianza kazi. Asiyeweza atoe anachoweza, na aliyeko kijijini anaweza kutoa jioni yake moja kwa wiki. Taarifa ya mapato na matumizi nitaiandika mwenyewe, na itabandikwa skuli na ofisi ya sheha kila baada ya miezi mitatu, risiti zikiwa zimeambatishwa. Atakayeona kosa aje aniulize mbele za watu.

Kwa upande wangu, viatu jozi nane nimekwisha kuvikabidhi kwa mwalimu wa timu kabla kijitabu hiki hakijakwenda kuchapwa. Sikuviandika kama mchango, kwa sababu si mchango. Ni deni lililochelewa, na waliokuwa wanadai hawakusubiri mpaka likalipwa. Mchango wangu uko kwenye orodha pamoja na wenu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia na awape nguvu walioko.

Wabillahi tawfiq.